Salongo, timu ya kartie ao kazi ya simu: njia gani ya kujitolea inaacha watu wachache inje?

Kila mwaka tarehe 5 ya mwezi wa kumi na mbili ikikaribia, ile siku ya babenevole wa dunia yote UNO iliyoweka mu 1985, vikundi vya hapa Goma vinaanzaka kutafuta watu wa kujitolea, na ku kila tangazo maneno ni yale yale: tunakaribisha watu wote. Siku ya kazi ikifika sasa angalia nani amekuja. Vijana wanaume wa miaka ishirini na kitu, wamesoma, miguu iko na nguvu, na nyumbani kuna mutu wa kuwapa makuta ya moto (pikipiki). Mama muuza ndizi hayuko, mzee wa avenue hayuko, yule kaka wa trisikle hayuko, na kiziwi hata hakujua kama kuna kazi juu tangazo lilipitishwa na megafoni. Hakuna aliyewafukuza, mpango wenyewe wa kazi njo uliwafungia. Na siku mbili tu mbele ya hapo, tarehe 3, ni siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, lakini wale unaowaona wanaandamana tarehe 3 huwaoni kabisa mu kazi ya tarehe 5.

Bon, nataka tulinganishe njia tatu zenye vikundi vya hapa vinatumia sana, ili nyinyi wenye kikundi, parokia, klabu ya vijana ao ONG ndogo mjue ya kuchagua. Ya kwanza ni salongo, kazi ya pamoja ya siku moja mu avenue. Ya pili ni timu ndogo ya kartie yenye inakutana kila wiki na iko na kazi inayojulikana. Ya tatu ni kazi ya kufanyia nyumbani na simu. Kuna ya ine, ile ya kukaa mu biro ya watu miezi sita bila mshahara ukingojea labda watakuandika, hiyo siilinganishi hata: ni kazi ya kweli isiyolipwa, na anayeiweza ni mutoto mwenye baba anamlisha.

Makuta ya kufika

Naanza na makuta juu hapo njo wengi wanabakia njiani. Salongo inashinda bila mjadala. Unatoka ku parseli yako na mfagio, unafanya, unarudi, hakuna moto ya kulipa.

Timu ya kila wiki inategemea inakutana wapi. Watu wa Ndosho wakikutana Ndosho, sawa. Lakini vikundi vingi vinapenda kukutania mjini, mu biro yenye viti vizuri na wifi, alafu mutu wa Ndosho ao wa Mugunga tuseme analipa 1500 franka kwenda na 1500 kurudi, kila wiki, mwezi ukiisha ni 12000 imetoka mu mfuko ya mutu anayekuja kukupa nguvu zake bure. Kwa mwenye kiti cha magurudumu hesabu inakuwa mbaya zaidi, moto haiwezi kumbeba na kiti chake, inabidi taksi, na mara nyingi kuna mdogo wake anayemsukuma, kwa hiyo ni nafasi mbili za kulipa. Bajeti zenye kuandika transpo ya benevole nimeziona nyingi, zenye kuandika transpo ya yule anayemsindikiza ni za kutafuta na tochi.

Kazi ya simu watu wanasema haina gharama. Mega za intaneti ni makuta, kuchajisha simu ku kioske wakati umeme umekatika ni makuta, na simu yenyewe je? Mu familia nyingi simu yenye inaingia WhatsApp ni moja, na iko mu mfuko ya papa ao ya kijana mkubwa. Msichana wa nyumba hiyo hata umtumie kazi nzuri namna gani ataiona saa tatu ya usiku, kama ataiona.

Kitu kimoja kwa njia zote: transpo itolewe mbele, msingoje kuirudisha nyuma. Kumwambia mutu "lipa kwanza, tutakurudishia mwisho wa mwezi" ni kuchagua wenye nazo. Na msimwombe fakturi ya moto, motari gani anatoa fakturi? Andikeni karatasi ya zone, kutoka Majengo ni kiasi hiki, kutoka Keshero ni kiasi hiki, mutu anasaini, imeisha. Tangu mabanki zifunge milango hapa mwanzo wa 2025 vikundi vingi vinatuma kwa simu, M-Pesa ao Airtel Money, ni sawa lakini ongezeni ya kutolea, juu 3000 ikifika haitoki yote 3000.

Mwili na barabara zetu

Goma ni muji wa mawe. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji paka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilisimama pembeni ya muji upande wa kaskazini. Tumejenga juu ya mawe hayo hayo. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti cha kawaida yanakwama mu avenue zetu hata kama kuna mutu anakusukuma, na mwenye mkongojo anaangalia chini kila hatua. Barabara kubwa iko na lami, lakini salongo hatuifanyaka ku lami, tunaifanya kule penye mitaro imeziba na mawe imetoka. Kwa hiyo salongo yenye imeshinda ku makuta, hapa inaanguka.

Inaanguka, lakini siyo kwa sababu ile watu wanafikiria. Nenda ku mpaka wa Petite Barrière asubuhi uangalie wale kaka na dada wenye ulemavu wanaopitisha mizigo kati ya huku na Gisenyi na trisikle zao, mizigo yenye mimi na wewe hatuwezi hata kusukuma mita kumi. Nguvu wanazo. Shida ni kwamba siku ya salongo tunagawa vitu vitatu tu, mfagio, jembe na brueti, na vyote vinadai kusimama na kuinama. Mwenye trisikle angebeba mifuko ya takataka kutoka avenue paka mahali pa kutupia, safari zake mbili zinazidi brueti kumi. Hakuna anayemuuliza. Anaambiwa "wewe kaa tu, tuko pamoja", alafu anaitwa wakati wa picha.

Timu ya kila wiki hapa iko na nafasi nzuri juu mnachagua mahali mara moja na mnapakagua vizuri. Rampe inataka mteremko wa moja kwa kumi na mbili, maana yake ngazi ya sentimita 30 inahitaji rampe ya mita 3 na sentimita 60. Pimeni mu parseli yenu, wengi hawana hata hiyo nafasi, na zile rampe fupi kama paa ya nyumba zenye tunaonaka ku milango ya biro ni za kuvunjia watu shingo. Ushauri wangu: msijenge, hameni. Tafuteni sale ya kanisa, ya shule ao baraza ya mutu yenye iko sawa na udongo, mlango wa sentimita 80 kwenda juu, karibu na mahali taksi inafika. Ni bure ao karibu na bure.

Na choo. Hii hakuna anayeipenda kuongea, lakini mama mmoja mwenye mguu wa bandia akijua kwamba choo chenu ni shimo la kuchutama bila kitu cha kushika, hatakunywa maji tangu asubuhi, na wiki ya tatu hatakuja, na nyinyi mtasema hana moyo wa kujitolea. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na chuma kimoja cha kushikia ku ukuta, fundi wa kartie anafanya mu siku moja. Wasichana pia choo ndicho kinaamua kama wanakaa saa mbili ao wanakimbia mapema, kinahitaji mlango wa kufunga kwa ndani, maji, na mahali pa kutupa kotex.

Kazi ya simu ku mambo ya mwili inashinda. Mwenye kumlinda mgonjwa nyumbani, mwenye maumivu ya kila siku, mama aliyezaa juzi, hao wote simu inawaingiza. Lakini shikilia hapo, nitarudi.

Siku na masaa

Salongo ni siku ya posho (Jumamosi) asubuhi. Waadventista je? Ni wengi hapa Goma, na posho ni Sabato yao, kwa hiyo kila mara kikundi kikisema "watu wote waje posho" kimeshatoa kanisa nzima. Weka siku ya yenga baada ya misa na ibada, ao kazi ile ile igawanywe mara mbili mu wiki. Halafu kuna kitu kingine ku salongo: mahali penye ni ya lazima, maduka hayafunguki paka iishe na asiyekuja anatozwa, hiyo tusiiite kujitolea. Ni kazi ya muji, sawa, lakini kikundi kikija kupandia hapo na kusema "tulikuwa na babenevole mia tatu", hapana.

Mama wa soko anatoka nyumbani mapema sana na kurudi jua limezama, maji ya kuchota iko, sufuria iko. Mkutano wa saa kumi ya mchana kwake haupo. Wasichana wengi saa kumi njo wanashika bidoni. Timu ndogo inaweza kuuliza watu wake, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, watu kumi na wawili wanaweza kukubaliana saa, watu mia tatu hawawezi. Timu moja ya kuonya watu juu ya kipindupindu inaweza kugawanyika, wa soko wanafanya kazi mule mule mu soko saa ya watu wachache, wa nyumbani wanafanya avenue yao, hakuna aliyeacha kazi yake. Na mtoto wa mgongoni aje naye, wekeni mkeka na mutu mmoja wa kuwaangalia watoto, na huyo naye ni benevole, muandikeni ku liste.

Simu inafanywa saa yoyote, kwa hiyo tena inashinda, ila muwe na huruma: meseji ya kazi saa tano ya usiku siyo uhuru, ni kuchokoza.

Kusoma, kusikia, kuona

Hapa watu wanadanganyikaka sana na simu. Kikundi cha WhatsApp chenye kiongozi anapenda kutuma vokali za dakika saba kimefukuza kiziwi. Chenye kinatuma PDF ya Kifaransa tu kimefukuza mama asiyesoma, na kama hiyo PDF ni karatasi iliyopigwa picha kimefukuza pia kipofu anayetumia TalkBack, juu ile sauti ya Android inasoma maandishi, karatasi ya kupiga picha haiisomi vizuri. Dawa ni ya bei rahisi: kila ujumbe mara mbili, maandishi mafupi ya Kiswahili na vokali fupi. Dakika moja inatosha, mwenye anataka dakika saba aandike kitabu.

Lakini hata ukifanya hivyo, kazi zenyewe za simu ni zipi? Kutafsiri, kuandika ripoti, kutengeneza afishi, kujaza liste, kujibu watu mtandaoni. Hata UNV, ile idara ya UNO ya babenevole iliyoanza 1970, iko na kazi za kujitolea kwa intaneti, na zinapendeza, lakini unahitaji lugha, kompyuta ao simu nzuri, na intaneti isiyokatika. Kwa hiyo njia yenye inaonekana wazi kuliko zote kwa mwili, ndiyo imefungwa kuliko zote kwa mutu asiyesoma. Kuna ya kupiga simu kwa wazee wanaokaa peke yao ili kuwaamkia, hiyo haidai diplome, ni nzuri, na ni chache.

Salongo haidai kusoma, iko wazi. Kwa kiziwi ni nzuri pia, kazi anaiona na macho, ila mafasirio ya asubuhi yanasemwa na kelele, kwa hiyo onyesheni na mikono, mutu mmoja asimame mbele afanye kwanza.

Timu ya kartie ndiyo inaweza kujifunza. Wiki kwa wiki watu kumi wanaokaa na kiziwi mmoja wanashika ishara za kazi yao, jambo lisilowezekana mu salongo ya asubuhi moja. Na msianze na kutafuta mtaalamu kutoka mbali, vikundi vya PVH (watu wenye ulemavu) viko hapa hapa, senta ya Shirika la Umoja ni ya zamani mu muji huu, nendeni muulize, na muwaulize kabla ya kupanga, siyo baada.

Angalieni bareko, relais communautaires wa zone de santé, wale babenevole wa mambo ya afya. Wanachaguliwa mu watu wa avenue, wanaenda nyumba kwa nyumba, na wakati wa Ebola, ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu waliokataa kusikiliza gari za wageni walimsikiliza jirani. Hiyo ndiyo nguvu ya timu ya kartie. Udhaifu wake ni kwamba wanatakaka mutu anayejua kusoma na kuandika juu kuna fiche za kujaza. Lakini nani alisema mutu mmoja lazima aongee na aandike? Watume wawili wawili, mama anayejulikana na wote anaongea, kijana anaandika. Hapo umeingiza watu wawili wenye kila mmoja peke yake angekataliwa.

Kazi ya simu isiwe chumba cha kufichia watu

Nilisema nitarudi. Kuna tabia inaanza, kikundi kikipata mutu mwenye ulemavu kinasema haraka "wewe utafanya ya simu, usisumbuke". Kwa mdomo ni wema. Kwa kweli ni kwamba hawataki kuhama sale, hawataki kulipa taksi, na mwisho huyo mutu hajulikani na wenzake, hachaguliwi kuwa kiongozi, hapati rafiki, na wengi njo kitu wanakuja kutafuta mu kujitolea, kutoka nyumbani na kuonana na watu. Simu iwe ya anayeichagua mwenyewe. Kama watu wote wa simu ni wenye ulemavu na wote wa kutembea ni wazima, mumejenga ukuta.

Na iko sheria. Mkataba wa UNO wa haki za watu wenye ulemavu ni wa 2006, Kongo iliuingia mu 2015, na kifungu cha 29 kinaongea wazi juu ya kushiriki mu mashirika yasiyo ya serikali. Halafu kuna loi organique namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, yetu wenyewe, juu ya haki hizo hizo. Kikundi chenye kinaomba makuta ku wafadhili kinaweza kushika hiyo sheria na kuandika ligne ya taksi na ya mufasiri wa ishara mu bajeti bila haya.

Sasa uchague gani

Kama mna siku moja tu na hamna makuta, fanyeni salongo, lakini ongezeni kazi tatu zisizo za kuinama (kubeba na trisikle, kugawa vifaa na kuviandika, kupita kwa majirani mbele ya siku) na siku isiwe ya posho peke yake. Kama mna makuta kidogo na mnataka watu wabaki, timu ya kartie, na makuta yaende kwanza ku transpo, pili ku choo, na tichati za mwisho kabisa. Najua wafadhili wanapenda tichati. Kama mna kazi ya maandishi kweli, simu, lakini iwe mlango wa pili, wa kwanza ubaki wa kukutana, hata mara moja kwa mwezi.

Mimi ningechagua timu ya kartie hata kama inachosha kuliko zote mbili, juu ndiyo pekee yenye inaweza kubadilika mutu mupya akiingia. Salongo ni kubwa sana kwa kubadilika, na simu haikuoni.

Wakati wa kuandika watu, msiulize "uko na ulemavu?", wengi watasema hapana, hata mzee asiyesikia vizuri, juu anafikiria unamuuliza kama yeye ni kilema. Tumieni maswali sita ya Washington Group, yanatumika dunia nzima: unapata ugumu kuona hata ukiwa na miwani? Kusikia? Kutembea ao kupanda ngazi? Kukumbuka ao kutuliza akili? Kujiogesha na kuvaa? Kueleweka ao kuelewa wengine mukizungumza? Jibu ni moja kati ya mane, hapana, kidogo, sana, ao siwezi kabisa. Muulize mutu pembeni, siyo mbele ya mustari, na mbele ya kuuliza mwambie ni ya kupanga kazi. Alafu ongezeni la saba lenu: ufike na ukae hapa saa mbili bila kuteseka, unahitaji nini?

Na ku tangazo lenyewe wekeni namba ya kupigia na ya kuandikia, jina la mahali na kama kuna ngazi ngapi, saa ya kuisha siyo ya kuanza tu (wasichana wanahitaji kujua kama giza litawakuta njiani), na kama transpo inatolewa andikeni inatolewa. Mutu asiye na ya moto hawezi kuja kuuliza kama kuna ya moto.